Nimeinua Land Cruiser 80 inchi mbili, sasa usukani haurudi na gari linatangatanga barabarani

Mzee_wa_Isyonje

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada maana gari limeanza kunitisha na mimi si mtu wa kutishika ovyo.

Nina Land Cruiser 80, injini 1HZ, manyo (gia za mkono), ndo farasi wangu wa kupanda Isyonje kwenda Kikondo hadi Kitulo, na kule wenye kujua mnajua, mvua zikianza mafuso ya viazi yanachimba mitaro katikati ya barabara sisi wengine tukija nyuma difu linalala kwenye tope kama nguruwe. Nikachoka kuvutwa na trekta kila wiki, nikasema naliinua. Nikapata springi na shokapu mpya za kuinua inchi mbili mbele na nyuma, tairi nikatoka 275/70R16 nikaweka 285/75R16, zikafungwa gereji moja hapa Mbeya mjini. Kwenye tope sasa raha tupu, sina la kusema.

Shida ni lami. Kuanzia 80 hivi gari linatangatanga, halikai kwenye laini yake, muda wote narekebisha kidogo kushoto kidogo kulia, na semi za Tunduma zikipishana na mimi linasukumwa kama boksi tupu. Nikikata kona usukani haurudi wenyewe, naurudisha kwa mikono. Na hata nikiwa nimenyoosha usukani umelala kushoto. Kubwa kuliko yote, wiki iliyopita natoka Chimala nakuja mjini, pale kwenye tambarare ya Igurusi nikapiga kishimo kidogo tu tairi ya mbele, usukani ukaanza kutetemeka kwa nguvu kiasi kwamba nilishindwa kuushika, dashibodi nzima inapiga kelele, ilibidi nipunguze hadi 30 ndo ukatulia. Mke wangu alishuka akakaa chini pembeni ya barabara hakutaka kupanda tena.

Fundi nilimrudia akaniwekea stelingi dampa nzito (shokapu ya usukani), ikatulia wiki mbili halafu hiyo ya Igurusi ndo ikatokea dampa ikiwa ndani. Sasa anasema gari likiinuliwa ndo linakuwa hivyo, nizoee. Kweli wakuu?

Kamwene_Mafinga

Kamwene! Mkuu hapo dawa ni moja, rudisha springi za mzee Toyota uendelee kuvutwa na trekta, trekta haina wobo (huko kutetemeka kwa usukani) 😂😂 Natania, ila mi 80 yangu sijawahi kuigusa, mbele imelala kidogo kwa bampa la chuma na winchi lakini inanyooka kama reli ya TAZARA. Ngoja wajuzi waje.

SpanaMkononi

Mzee pole, na shemeji mpe pole. Jibu fupi: si kweli kwamba uzoee. 80 iliyoinuliwa vizuri unaishusha mlima Kitonga kwa mkono mmoja (usifanye lakini). Huyo fundi kafanya nusu ya kazi akalipwa yote.

Ngoja nikueleze kinachotokea maana ukikijua hakuna mtu wa kukudanganya tena. Ekseli ya mbele ya 80 imeshikwa na mikono miwili mizito, huku imekaba ekseli, kule nyuma imekaa kwenye chesis kwa bushi ya mpira. Ukiinua body, kile kichwa cha nyuma cha mkono kinapanda na chesis, kwahiyo mkono unainama mbele na ekseli inazunguka pamoja nao, juu inaenda mbele. Ile pembe inayopotea hapo ndo kasta. Chukua baiskeli ya kubebea mkaa, uma wake wa mbele umelala kwa nyuma si ndio? Ndo maana mtu anaachia mikono na baiskeli inaenda. Sasa usimamishe ule uma wima kabisa uone kama utaachia mikono. Gari lako ndo liko hivyo.

80 ikitoka kiwandani ina kasta ya digrii 3 hivi. Kila inchi unayoinua unapoteza karibu digrii moja. Inchi mbili umebaki na moja, ndo maana linatangatanga na usukani haurudi, hakuna kinachourudisha.

Kutetemeka ni kesi nyingine japo ni ndugu. Kama lingekuwa linatetemeka kwenye lami safi kwa spidi fulani ileile kila siku, ukipita inakata, ningesema balansi ya tairi. Lakini limeanza baada ya kishimo na halikati hadi upunguze, hapo kuna kitu kinacheza, na kilikuwa kinacheza hata kabla hujainua, ila kasta ilikuwa inakificha. Tairi kubwa na pembe mpya vimekitoa hadharani. Dampa haiponyeshi hiyo, dampa ni panadol.

Fanya hivi kabla hujanunua chochote. Gari chini kwenye matairi, injini inaunguruma, mtu akae ndani azungushe usukani kushoto kulia kidogokidogo harakaharaka, we lala chini uangalie. Usiangalie tu, weka kiganja kwenye kila kiungo, tairodi endi zote (vichwa vya fimbo zinazogeuza tairi), bushi za panhadi (chuma kirefu kati ya chesis na ekseli) pande zote mbili, stelingi boksi inapofungwa kwenye chesis. Jicho linadanganywa, kiganja hakidanganywi. Halafu piga jeki tairi moja moja, shika juu na chini utikise. Ikicheza mwambie mtu akanyage breki utikise tena: mchezo ukipotea ni beringi za wili, ukibaki ni beringi za kingpini, pini ambazo tairi inazungukia ukikata kona. Nenda na mashine ya alaimenti, ile ya kupima pembe za tairi, pia, lakini usikubali waguse kitu, waambie wakupe kasta tu kwenye karatasi.

Vumbi_la_Makete

Mi Prado yangu nililift nikapeleka alaimenti wakarekebisha ikaisha. Mbona mnazunguka sana, peleka alaimenti mzee.

SpanaMkononi

@Vumbi_la_Makete Prado yako mbele kila tairi inajitegemea, ina ma-amu na bolti za kurekebishia kamba (tairi kulala ndani au nje) na kasta, ukiinua kinachoharibika ni kamba na toe (pua za tairi kuangaliana au kuachana) na mashine inarudisha mpaka pale bolti zinapoishia, zaidi ya hapo unabadili amu za juu. 80 ina ekseli moja nzima. Kwenye alaimenti kitu pekee wanachoweza kugusa ni toe, na hiyo toe kuinua gari hakuigusi kabisa. Kwahiyo watamla hela watampa karatasi.

Mzee_wa_Isyonje

Nimerudi wakuu, samahani kwa kukaa kimya, nilikuwa shamba.

Jumamosi nimefanya kama @SpanaMkononi alivyoelekeza, mdogo wangu akakaa ndani mi nikalala chini kwenye turubai. Tairodi endi zote ngumu, tatu ni mpya nilibadili mwaka jana. Nikaweka kiganja kwenye panhadi upande wa chesis, jamani! Kila akizungusha nasikia "tok" kwenye mkono, kwa macho ilikuwa haionekani kabisa maana bushi imejaa tope kavu. Nikakwangua na bisibisi, mpira umeshaachana na chuma, ile bomba ya katikati inaelea kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Nikapiga jeki, tairi ya kushoto inacheza juu chini, mdogo wangu akakanyaga breki ikaendelea kucheza vilevile. Kwahiyo kingpini. Nilipofungua kifundo, pale kingpini zinapokaa, upande huo grisi imekuwa supu, oili ya difu imeingia yote.

Alaimenti nimeenda. Yule bwana wa mashine aliniambia kabla hajaanza kwamba kasta ya hili gari haina nati, nikamwambia najua we nipimie tu, akaniangalia kama nimechanganyikiwa. Karatasi inasema kushoto 0.1, kulia 0.3. Hapo ndo sijaelewa, maana mkuu ulisema inchi mbili nibaki na digrii moja. Mbona mi sina kitu kabisa? Au mashine mbovu?

Kingine nimegundua tairi ya mbele kulia imetokeza nje ya fenda kuliko ya kushoto kama sentimita moja na nusu. Au chesis imepinda??

MamaViazi_Uyole

Kaka mashine siyo mbovu. Swali langu dogo, hizo springi ulizonunua ni za mzigo gani? Maana springi za inchi mbili zipo za gari tupu, zipo za gari lenye bampa la chuma, zipo za bampa na winchi juu yake, zote boksi linaandika inchi mbili. Ile inchi mbili ni ukishaweka huo mzigo. Ukichukua ya winchi ukaifunga kwenye gari lenye bampa la plastiki, haishuki, inasimama tu kama jogoo.

Yalinikuta mimi na 80 yangu, nilibeba zile nzito kwa sababu ndo zilikuwepo na muuzaji akaniambia nzito ndo imara, nikawa natembelea gari pua juu taa zinamulika twiga wa Ruaha. Pima kutoka katikati ya rimu kwenda juu mpaka ukingo wa fenda, halafu tafuta 80 isiyoinuliwa pima palepale.

Na ungali hapo, angalia breki za nyuma. Kuna valvu juu ya ekseli ya nyuma ina mkono mrefu umefungwa kwenye ekseli, kazi yake kujua kama gari lina mzigo. Ukiinua nyuma bila kuurekebisha ule mkono, valvu inadhani gari ni tupu kabisa inapunguza breki za nyuma, mbele ndo zinabeba kila kitu. Shuka na viazi gunia nane kutoka Kikondo ukiwa hivyo utakuja kunikumbuka. Huyo fundi wako sidhani kama aliugusa.

Mzee_wa_Isyonje

Dada @MamaViazi_Uyole ndaga fijo. Boksi la springi bado ninalo, lilikuwa stoo lina mbegu za pareto ndani. Limeandikwa bampa la chuma na winchi. Mimi sina hata kimoja, nina bampa lililokuja na gari, tena limepasuka.

Nimepima 80 ya jirani isiyoguswa, tofauti mbele ni sentimita 8. Nane! Nyuma ni tano na nusu. Na ule mkono wa valvu haujaguswa, umenyooka kwa kuvutwa mpaka unataka kukatika.

SpanaMkononi

Hahaha basi hesabu imejileta yenyewe. Sentimita 8 ni inchi tatu na ushee, digrii tatu zimeenda, tatu toa tatu umebaki na karatasi yako. Dada umetisha, hilo la springi mi nilipaswa kuuliza mwanzo.

Chesis haijapinda mzee usilale na presha. Panhadi ni chuma kimoja kirefu kinachoshika ekseli isihame kushoto kulia, upande mmoja kwenye chesis, mwingine kwenye ekseli. Kwenye gari letu la usukani kulia kimefungwa kwenye chesis upande wa kulia. Body ikipanda kile chuma kinasimama zaidi, kinafupika kwa upana, kinaivuta ekseli kulia. Ekseli yako imehama nusu ya hiyo tofauti uliyopima, milimita saba nane hivi. Springi zikiwa sawa itapungua, na ukipata panhadi ya kurekebishika unaimaliza kabisa.

Kazi ipange hivi, na usiruke maana kila hatua inaharibu iliyofuata ukigeuza. Anza na kinachocheza: bushi za panhadi, na kingpini beringi mpya pande zote mbili na sili ya ndani ya ekseli, vinginevyo supu inarudi. Kingpini zina shimu (vibati vyembamba vya kurekebishia), zisibanwe kwa kukisia, fundi anayejua atavuta kifundo kwa mzani wa springi kama wa kupimia samaki aone kinaanza kuzunguka kwa kilo ngapi. Halafu springi nyepesi mbele. Halafu kasta, kwa urefu wa inchi mbili zinatosha bushi za kasta, tundu lake halipo katikati, zinaingia kwenye mikono upande wa ekseli na zinarudisha kama digrii mbili. Halafu panhadi uiweke ekseli katikati. Halafu toe. Mwisho kabisa ndo unyooshe usukani, kwa ile fimbo inayotoka stelingi boksi kwenda kwenye tairi, unalegeza klampu unazungusha. Wengi wananyoosha usukani kwanza halafu wanagusa panhadi, unapinda tena.

Mawili nakukataza. Mtu asikuvulie usukani kwenye meno yake akaurudisha umenyooka, boksi itakuwa haiko katikati, utakata upande mmoja zaidi kuliko mwingine. Na asikaze ile skrubu ya juu ya stelingi boksi ili "kuondoa mchezo", mchezo wako hauko huko, utakuja kuikuta boksi inakwama kwenye kona, na kona za Chimala kupanda Matamba ziko hamsini na saba, hutaki ikwame hata moja.

Na hizo bushi za kasta simama pale zikipigwa presi. Zina alama na zina upande. Mi za kwangu fundi alizigeuza, nikatoka gereji na kasta hasi. HASI mzee. Gari lilikuwa linajikatia kona lenyewe, nilirudi kwa spidi ya mkokoteni.

Vumbi_la_Makete

@SpanaMkononi mbona watu wanasema ukirudisha kasta propela ya mbele (shafti inayopeleka nguvu kwenye difu) inaanza kutetemeka?

SpanaMkononi

Swali zuri. Ukirudisha ekseli nyuma, pua ya difu nayo inashuka, pembe ya jointi ya propela inakuwa kali. Kwenye 80 za foo wili ya muda wote propela ya mbele inazunguka saa zote kwahiyo unaweza kuisikia. Mzee yako ina frii wili za kufunga kwa mkono kwenye habu?

Mzee_wa_Isyonje

Ndio, za kuzungusha kwa mkono.

SpanaMkononi

Basi ukiwa lami umezifungua propela imelala, haizunguki. Endelea na safari.

Kamwene_Mafinga

Samahani kwa kuingilia wataalamu. @Mzee_wa_Isyonje hizo springi nzito za winchi umezipangia nini? Maana mi nilisema juu huko mbele yangu imelala. Nina bampa, nina winchi. Nikuletee springi mpya za inchi mbili nyepesi na kitu kidogo juu, tubadilishane?

Mzee_wa_Isyonje

Kamwene usiniambie. Njoo inbox.

Mzee_wa_Isyonje

Mrejesho wakuu, imechukua wiki tatu sababu ya sili ya ekseli iliyosubiriwa Dar.

Nimebadili fundi, nimempata mzee mmoja mtulivu ambaye redio haiwashi akiwa kazini. Kingpini mpya pande zote, bushi za panhadi mpya, springi za Kamwene mbele (zimekaa sentimita 5 kamili, nimepima kabla sijalipa), bushi za kasta nilisimama pale kama askari mpaka presi inashuka, mzee mwenyewe akachora mstari mweupe kwa chaki kwenye mkono na kwenye bushi akaniambia "ona mwanangu, tundu likae hivi, ukilala usiote vingine". Mkono wa valvu ya breki amepandisha pale unapofungwa kwenye ekseli kwa kibao cha chuma. Panhadi nimebaki na ileile ya zamani, ekseli bado imehama milimita kama nne, nimeamua kuishi nayo. Usukani ukanyooshwa, nikarudi kwa yule bwana wa mashine: kushoto 2.8, kulia 3.1. Akaniuliza nimeipata wapi.

Halafu tumefanya kitu ambacho yule mzee ndo alinishauri, tukavua dampa kabisa tukaenda nayo barabarani bila dampa, anasema gari zima linatakiwa liende bila hiyo, ndo unajua hujaficha kitu. Tukaenda hadi Igurusi, presha ya tairi nimeshusha 36, yule fundi wa kwanza alinijazia 50. Nikakitafuta kishimo kilekile. Nikakipiga kwa 80 (kwa tairi hizi spidomita inasema 80 ni kama 84 hivi). Usukani ukagonga mara moja kwenye kiganja, basi, ukatulia. Nikarudi nikakipiga tena. Yule mzee akaniambia tosha, unataka kutoboa rimu.

Nimefunga dampa ya zamani iliyokuja na gari. Mama watoto amepanda jana mpaka Chimala, kasinzia.

MamaViazi_Uyole

Akisinzia abiria ujue kasta iko sawa, hiyo mashine haihitaji karatasi 😂

Kamwene_Mafinga

Hongera mkuu. Na mi zile springi nimefunga Alhamisi, gari limesimama vizuri, winchi na bampa havilishushi tena, limependeza mpaka watoto wa mtaani wanapiga picha.

Sasa jana nimeenda Makambako. Wakuu naomba kuuliza, hizo bushi za kasta mlisema zinapatikana wapi?